Mwalimu wa bendi anataka binti yangu ahamie kwenye basuni, eti itamfungulia mlango wa chuo kikubwa. Kuna ukweli?

MamaKlarineti (mleta mada)

Habari za wakati huu wanajukwaa, hasa ninyi mlio huku Marekani na mna watoto wanaokaribia kuomba vyuo.

Nina binti wa darasa la nane. Anapuliza klarineti, mwaka wa tatu sasa. Si nyota, ila haambiwi akafanye mazoezi, na kwa umri ule mnajua hilo si jambo dogo. Wiki iliyopita mwalimu wao wa bendi akaniita. Anasema klarineti anazo kumi na moja, basuni hana hata moja inayopulizwa. Ya shule imelala kabatini tangu mwanafunzi aliyekuwa akiipuliza amalize. Anamtaka binti yangu aichukue. Nikamwambia nitafikiri. Ndipo akaniongezea maneno yaliyoniondolea usingizi: vyuo vikubwa vinawagombania wapuliza basuni, violini na piano zimejaa mpaka pomoni.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Baba yake ameshamwona mtoto Harvard, usiku wa manane yuko mtandaoni anatafuta bei za basuni. Shangazi mtu anasema mwalimu anaziba pengo la bendi yake kwa mgongo wa mtoto wetu. Binti mwenyewe amesema neno moja tu: "Ni kubwa."

Na kweli ni kubwa. Kwa wasioijua, ni bomba la mbao ambalo lingenyooshwa lingefika kama mita 2.5, wamelikunja likabaki na kimo cha mtoto wa miaka tisa, na unalipuliza kupitia kimrija cha chuma kilichopinda. Sauti yake ni kama ya babu anayeguna akiwa na hoja.

Wenye uzoefu naomba mniambie. Ala isiyo ya kawaida inasaidia udahili kweli, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Kigoda

Nimevuta kigoda. Wa kwangu yuko kwenye violini na kwenye okestra yao ukirusha jiwe utampata mpiga violini.

MchokoziMpole

Mpe tuba mama, lile tarumbeta kubwa. Akikosa chuo, atakuwa amepata mapafu.

MsomajiMafaili

Dada, salaam. Niliwahi kusoma maombi ya udahili kwa misimu mitatu kwenye chuo kimoja cha binafsi, jina tuliache. Ngoja nikueleze jinsi basuni inavyofika mezani, maana watu wanaijadili kana kwamba mtoto anaingia nayo ofisini akiipuliza.

Inafika kama mstari. Fomu ya Common App, ile moja inayotumika kuomba vyuo vingi, inampa mwombaji nafasi ya shughuli 10. Kila shughuli ina kisanduku cha maelezo cha herufi 150, na nafasi kati ya neno na neno zinahesabiwa. Juu yake anachagua aina ya shughuli kwenye orodha iliyoandaliwa, na huko basuni, violini na gitaa la mjomba vyote vinaangukia kwenye kapu moja la muziki wa ala. Kisha anajaza: darasa la ngapi hadi la ngapi, saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka.

Macho yangu yalikuwa yanakimbilia hapo kwenye miaka na saa, kabla hata sijasoma jina la ala. Mtoto aliyeandika basuni, darasa la 11 na la 12, saa 2 kwa wiki, nilimsoma kama mtoto aliyeambiwa na mtu. Mtoto aliyeandika klarineti miaka minne mfululizo, saa 9 kwa wiki, kiongozi wa safu yake, Jumamosi anafundisha wadogo, huyo nilimwona. Ningeweza kukwambia anavyofanana.

Je, ala adimu haina uzito kabisa? Inao, ila unapita kwenye tundu la sindano. Vyuo vingi vya binafsi vinaruhusu mwombaji kuambatisha rekodi ya muziki. Rekodi hiyo sikuwa naisikiliza mimi nisiyejua noti. Ilipelekwa idara ya muziki, mwalimu wa huko akasikiliza na kuandika maoni mafupi. Kesi ya Harvard ya kupinga kuangalia rangi ya mwombaji kwenye udahili, iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ile ile iliyoishia Mahakama ya Juu tarehe 29 Juni 2023, ilianika mengi ya jikoni: kila mwombaji anapewa alama ya masomo, ya shughuli za nje ya darasa, ya michezo na ya haiba, 1 ikiwa ndiyo ya juu, na kazi za sanaa zinaweza kupelekwa kwa wahadhiri wazipime. Hapo ndipo profesa anapoweza kuandika kwamba kijana huyu ni wa daraja la juu, na wapuliza basuni wetu wote wawili wanahitimu mwezi Mei.

Dokezo la namna hiyo nililiona mara moja. Mara moja kwa misimu mitatu. Na mtoto mwenyewe masomo yake yalikuwa yanampitisha tayari. Dokezo lilimsogeza mbele ya wenzake waliokuwa sawa naye. Halikumbeba mgongoni.

La kuongezea, na hili wazazi hawapendi kulisikia: rekodi ya wastani inaumiza. Kabla ya kuituma, kwenye karatasi mtoto ni "mwanamuziki". Akishaituma na profesa akaandika kwamba uwezo ni wa kawaida, sasa ni mwanamuziki wa kawaida na imeandikwa.

MpigaKasia

Mkuu MsomajiMafaili, hapo sijakuelewa. Mtoto wa jirani yetu alipiga makasia miaka mitatu, alama zake za kawaida tu, kaingia chuo ambacho wa kwangu mwenye alama kumzidi wamemkatalia. Kama makasia yanabeba, basuni isibebe kwa nini? Vyote si vitu vya wachache?

MsomajiMafaili

Mkuu, makasia yana kocha, na kocha ana orodha. Tofauti yote iko hapo.

Kocha anachagua watu wake mapema na majina anayapeleka ofisi ya udahili. Wachumi waliochambua takwimu za Harvard zilizotoka kwenye kesi ile walikuta wanamichezo waliosajiliwa na makocha walikuwa wanapita kwa takriban asilimia 86. Chuo chenyewe siku hizi kinachukua chini ya asilimia 5 ya wanaoomba. Kiongozi wa okestra hana orodha ya aina hiyo. Ana kalamu ya kuandika dokezo, basi.

Unakumbuka kashfa ya rushwa ya udahili iliyofumuka Machi 2019? Wazazi walilipa ili watoto wasajiliwe kama wapiga makasia, wacheza soka, hadi mpira wa majini. Pesa ilikwenda kwa makocha kwa sababu makocha ndio waliokuwa na viti vya kugawa. Mtoa rushwa huwa anajua mlango ulipo kuliko mshauri yeyote wa udahili.

Kigoda

Hiyo sentensi ya mwisho nainakili niiweke kwenye friji.

UlimiWaTete

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi ni mpuliza obo, nimepita konsavatori, yaani chuo cha muziki, sasa nafundisha watoto. Obo ni ndugu wa zumari: ndimi mbili za tete zinatetemeka mdomoni mwako. Basuni ni wa ukoo huo huo, mjomba mnene.

Nimesoma uzi wote na kila mtu anahesabu uchache wa wapulizaji. Hakuna aliyehesabu uchache wa viti. Okestra kamili ina violini kama 30. Basuni ni 2, zikizidi ni 3 au 4. Kwa hiyo ndiyo, wapuliza basuni ni wachache, lakini wanagombea viti viwili. Chuo chenye okestra moja kikipata wapulizaji wawili wazuri wa mwaka wa kwanza, kazi imekwisha, miaka minne hakimtafuti mwingine. Binti yako yuko darasa la nane. Ataomba chuo miaka minne ijayo. Nani leo anajua mwaka huo kiti kitakuwa wazi wapi? Mwalimu wake analijua kabati la shule yake. Kabati la Princeton halijui.

Kwenye konsavatori hali ndiyo hiyo hiyo, tena wazi zaidi. Curtis ya Philadelphia haijatoza ada mwanafunzi yeyote tangu mwaka 1928, wanafunzi wake ni kama 150 na ushei tu, wa kutosha kuendesha okestra na mambo machache mengine. Huko mpuliza basuni anaingia pale mwingine anapotoka. Unaweza kuwa hodari ukafika mwaka usio wako.

Halafu mtu akikwambia basuni haina ushindani, muulize aliwahi kukaa chumba cha kusubiri siku ya majaribio. Wale wachache waliopo ndio waliobaki baada ya wengine wote kushindwa. Kidole gumba cha kushoto kwenye basuni kina vibonyezo tele peke yake, wakati klarineti kidole hicho kina kazi mbili tu. Na tete! Tete moja iliyotengenezwa ni dola 20 hadi 30, nzuri inadumu wiki chache, mbaya haidumu hata siku. Mwisho wa yote unajifunza kuchonga mwenyewe. Unanunua tete kavu, nyingi zinalimwa kusini mwa Ufaransa, unazikwangua kwa kisu mpaka ncha iwe nyembamba kuliko ukucha, kisha unapuliza, inalia kama bata, unakwangua tena. Ujana wangu nusu umeishia kwenye vumbi la tete.

Basuni yenyewe msinunue. Mwambie shemeji afunge kompyuta alale. Ya kitaaluma inaweza kupita dola 30,000. Shule karibu zote zenye basuni zinaazima, ndiyo maana iko kabatini.

Sasa nikishamaliza kuwakatisha tamaa, niseme upande wa pili, maana mwalimu wa bendi hajadanganya kabisa, kalisema vibaya tu. Faida ya basuni haiko kwenye fomu ya chuo. Iko katikati, kwenye miaka ya sekondari. Kwenye majaribio ya okestra ya vijana ya jimbo, klarineti wanakuja kibao kugombea viti vichache, basuni wanakuja wachache. Kundi la ala tano za kupuliza ni filimbi, obo, klarineti, honi na basuni, na siku zote anayekosekana ni basuni. Kwa hiyo mtoto wa basuni mwenye bidii ya kawaida anaitwa mapema, anakaa na waliomzidi, anapiga kazi ngumu akiwa mdogo, walimu wengi wanamjua. Okestra ya vijana ya taifa inayoendeshwa na Carnegie Hall tangu 2013, ya miaka 16 hadi 19, haitozi washiriki chochote. Siwaambii ni rahisi kuingia, si rahisi hata kidogo. Nasema ngazi za kufikia mlango ule zina watu wachache ukiwa na basuni.

Akipanda ngazi hizo miaka minne, faili lake litakuwa nene. Lakini litakuwa nene kwa sababu ya ngazi.

MamaKlarineti

Asante sana mdogo wangu UlimiWaTete. Shemeji yako nimemsomea ile ya dola 30,000. Amefunga kompyuta. Hajalala.

BabaWaViola

Nitasema la kwangu japo linaniuma.

Kijana wangu alianza violini akiwa na miaka sita. Alipofika la tisa nikamlipa mshauri wa udahili, mmoja wa wale wa saa kwa dola. Mshauri akasema violini haitamtofautisha na mtu, ahamie viola, ile dada mkubwa wa violini yenye sauti nzito kidogo, viola zinatafutwa. Kijana hakubisha. Ndiyo shida yenyewe, hakubisha. Akajifunza kusoma noti upya, maana viola ina ufunguo wake tofauti, akafanya mazoezi saa moja kila siku kwa saa ya jikoni. Ikigonga anasimamisha upinde hata kama yuko katikati ya mstari.

Ilipofika kuandika insha, ile ya Common App ya maneno 650 yasizidi, mshauri alitaka iwe kuhusu viola. Kijana akajaribu rasimu tatu. Zote zilikuwa kavu kama mkeka. Ya nne akaandika bila kutuonyesha, kuhusu kutengeneza baiskeli za wenzake gereji, na jinsi mnyororo unavyokwambia mwenyewe unavyoendeshwa. Niliisoma baada ya kuwa ameshaituma. Nilikuwa simjui mwanangu.

Amepata chuo kizuri. Viola ilikuwa mstari mmoja kati ya kumi. Siku barua ilipokuja aliifuta viola vizuri, akaifunga kwenye kasha, akaisukuma chini ya kitanda, na mpaka leo iko huko. Likizo iliyopita tukiwa garini akaniuliza, "Baba, nilipokuwa napiga violini, ulikuwa unapenda kunisikiliza?"

Sikuwa na jibu la haraka. Niliendesha tu.

Kigoda

Pole sana mzee wangu.

MamaKinubi

Pole baba. Lakini wanajukwaa msituogopeshe wote, mimi kwetu imesaidia na nitasema.

Mwanangu anapiga kinubi, kile kikubwa cha okestra chenye nyuzi 47 na pedali 7. Hakuna aliyemlazimisha, alikiona kwenye tamasha la shule akiwa na miaka minane akaenda kukishika bila ruhusa, ikabidi tuombe msamaha. Kukisafirisha tu ni adhabu, tulibadilisha gari kwa ajili yake. Alipokuwa anaomba vyuo, aliandikia walimu wa muziki wa vyuo vidogo kadhaa, vile vya wanafunzi elfu mbili hivi. Profesa mmoja akamjibu siku ile ile: wana kinubi ukumbini kimefunikwa shuka, hakijapata mpigaji muda mrefu. Alituma rekodi, akakubaliwa. Alama zake zilikuwa chini kidogo ya wengi wanaoingia pale. Mniambie sasa kwamba kinubi hakikufanya kitu.

MsomajiMafaili

Dada hongera, na simbishii mtu furaha yake. Ila hujui kama ni kinubi. Barua ya kukubaliwa haitoi sababu. Huenda ni barua ya mwalimu wake, au jimbo anakotoka, au ile tabia yenyewe ya kumwandikia profesa bila kutumwa, ambayo kwangu ina uzito kuliko nyuzi 47.

MamaKinubi

Kaka, shuka limetolewa. Hilo nalijua.

MsomajiMafaili

Hapo umeniweza. Na nikiwa mkweli, vyuo vidogo ndiko ninakoamini hadithi kama yako zaidi. Chuo kikubwa chenye idara nzima ya muziki kinawafunza wapiga vinubi chenyewe. Chuo cha wanafunzi elfu mbili kikikosa mpigaji, kinakosa kabisa, tamasha linabadilishwa.

Kitu kimoja cha vitendo kwa wote: kila chuo kinachojaza waraka uitwao Common Data Set, nendeni kipengele C7. Ni jedwali, linaonyesha chuo chenyewe kinasema kinapima nini, na kwa uzito gani: alama, insha, kipaji, shughuli za nje ya darasa, uhusiano na wahitimu wa zamani, mpaka kama kinajali ulivyoonyesha unakipenda chuo. Vyuo viwili jirani vinaweza kuandika tofauti kabisa kwenye mstari wa kipaji. Na fomu nazo hazifanani. MIT ina fomu yake, nafasi ya shughuli ni 4 tu. University of California nayo ina yake, nafasi ni 20. Basuni hiyo hiyo inakaa nyumba tofauti.

NyuziSabini

Naomba kuuliza pembeni kidogo. Wangu anajifunza kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa babu yake. Hakuna okestra ya shule inayoitaka. Hii inahesabika kama ala adimu au ni kazi bure?

UlimiWaTete

Inahesabika, tena mimi binafsi ndiyo ningetamani kuisoma kuliko obo ya mtu aliyesukumwa. Kiti cha okestra hana wa kugombea naye, lakini pia hakuna kiti, kwa hiyo sahau hesabu za viti. Vipo vyuo vyenye mila ndefu ya kufundisha muziki wa dunia nzima, Wesleyan ya Connecticut na idara ya ethnomuzikolojia ya UCLA ni mfano, na huko kanuni ina mtu wa kuielewa. Kwingine aeleze yeye mwenyewe ni nini. Asiandike tu jina. Aandike anafanya nini nayo: babu anamfundisha kwa sikio, hakuna noti, anazikariri nyimbo. Herufi 150 zinatosha kama hazipotezwi.

Ila asianze kesho kwa sababu amesoma uzi huu, tafadhali.

FundiAda

Mnajadili kuingia, mimi nauliza kulipa. Msichanganye. Vyuo vinane vya Ivy League, yaani Harvard, Yale, Princeton na wenzao, havitoi ufadhili wa kipaji, si wa muziki, si wa michezo, si wa alama. Vinatoa msaada kulingana na kipato cha familia. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema obo ilimlipia Yale, jua ni kipato cha wazazi wake ndicho kilichopigiwa hesabu.

Ala adimu inalipa kwingine. College of Wooster ya Ohio ina bendi inayovaa sketi za Kiskoti, na ina ufadhili wa wapuliza bagipaipu, zile zumari za Waskoti zenye mfuko chini ya kwapa. Carnegie Mellon unaweza kabisa kusomea shahada ya kupuliza bagipaipu. Vyuo vikuu vingi vya majimbo vinatoa kiasi fulani kwa wanabendi hata kama wanasomea uhandisi. Si pesa ya kununua nyumba, lakini inapunguza. Tahadhari mama: bendi za kuandamana uwanjani kwa kawaida hazina basuni wala obo. Nani ataandamana na bomba lile kwenye mvua. Watoto wa basuni huko wanapewa matoazi.

MchokoziMpole

Nilisema tuba mkanicheka.

KengeleZaJuu

Na mimi nichangie kidogo kabla uzi haujafungwa. Nilisoma Yale. Pale kuna mnara wa Harkness wenye kengele 54 zinazopigwa kwa ngumi na miguu kutoka kwenye kibao cha vijiti vya mbao na pedali, kariloni inaitwa. Wanaozipiga ni wanafunzi, na wengi hawakuwahi kuigusa ala ile kabla ya kufika. Wanafundishwa na wenzao, wanafanyiwa majaribio, wanapanda mnara. Sasa niambieni ni ala gani adimu kuliko hiyo, na hakuna mzazi aliyemlipa mshauri kwa ajili yake.

Nilifeli majaribio, kwa rekodi.

MamaKlarineti

Wanajukwaa, nimekaa kimya wiki mbili, samahani. Narudisha mrejesho.

Niliusoma uzi wote na baba yake. Alipofika kwa BabaWaViola alinyamaza, akaenda kusimama mlangoni kwa mtoto wakati anafanya mazoezi ya klarineti. Alisimama mpaka binti akamwuliza kama kuna tatizo.

Tukarudi kwa mwalimu. Nikamwuliza kistaarabu anawajua wapuliza basuni wangapi waliogombaniwa. Akacheka, akasema mmoja, na huyo alikuwa hodari kweli. Nikampenda kwa kusema kweli. Tumekubaliana binti asiache klarineti. Bendi anabaki nayo. Basuni ameazimwa mpaka mwaka wa shule uishe, atapiga na lile kundi la ala tano ambalo UlimiWaTete amelisema, na kweli anayekosekana alikuwa basuni. Kisha ataamua mwenyewe. Neno Harvard limepigwa marufuku mezani, baba yake ndiye aliyelipiga.

Jumamosi ya kwanza sauti haikutoka kabisa. Ikatoka hewa tu. Jumapili ikatoka moja, ndefu, ya chini kabisa, na vikombe kabatini vikajibu. Binti akacheka mpaka akaketi chini. Jumatatu ametuomba dola 25 ya tete, ile ya kwanza ameshaipasua kwa meno.

Kigoda

Kwa hiyo ameipenda?

MamaKlarineti

Hajasema. Saa hizi yuko nayo bafuni, anadai huko ndiko sauti inakojaa. Baba yake yuko koridoni na taulo begani tangu saa mbili.